Kibao Kilichorefusha Mtaa

Fundi seremala tunayemzungumzia hapa alikuwa mfupi, na ni heri lisemwe mapema, maana yeye mwenyewe asingelisema. Mtaani walimwita Nusu Mlango. Jina hilo alipewa na muuza nyama, rafiki yake wa tangu utotoni, siku ile fundi alipokuwa akimpelekea mteja mlango mpya. Aliubeba mbele yake kwa mikono miwili, na waliokuwa wameketi barazani wakaona mlango unatembea wenyewe. Fundi alicheka pamoja nao, lakini kicheko kiliishia kwenye meno. Hakuwahi kulizoea jina hilo, na wenzake walijua kwamba hajalizoea, ndiyo maana hawakuliacha.

Kazi yake, hata hivyo, haikuwa ya kubezwa. Milango yake ilifunga bila kusukumwa kwa goti, na meza zake hazikuhitaji karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja. Karakana ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya paa la bati, na unga wa mbao ulikuwa ukiingia hadi chumba cha kulala. Mkewe aliufagia miaka mingi, mwishowe akasalimu amri. Penseli haikutoka sikioni mwa fundi hata wakati wa kula, na aliwahi kwenda nayo harusini akapigwa nayo picha.

Alikuwa na tepu moja ya kupimia, ya chuma, ambayo alikuwa radhi kuazimisha nguo zake kuliko kuiazimisha hiyo. Ncha yake ilikatika zamani ikaondoka na sentimita tano za mwanzo. Mtu mwingine angetafuta nyingine. Yeye alisema tepu haifi kwa kukatika ncha, kama mtu asivyokufa kwa kung'oka jino. Aliendelea kupimia hiyo hiyo, ila kila aliposoma namba aliongeza maneno mawili: "Toa tano." Mia na ishirini, toa tano. Themanini, toa tano. Wateja walizoea, na mkewe, kila fundi aliposema atarudi saa kumi, alimuuliza kama hiyo nayo atoe tano.

Mke huyo alikuwa mrefu. Si mrefu wa kutisha, ila alimzidi mumewe kiasi cha kumwona utosi, na katika picha zote za nyumbani fundi alisimama na yeye akaketi. Binti yao mkubwa alikuwa amerudi kukaa nao na mwanawe, kwa kuwa mumewe alikuwa kazini mbali. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Nyumba nzima ilimwita Bwana Mkubwa, kwa sababu alikuwa mdogo hasa. Mashati ya mwaka jana yalimtosha bado, jambo ambalo bibi yake alilihesabu kuwa baraka.

Halafu kulikuwa na kitinda mimba wao, msichana wa miaka kumi na mitano, waliyembandika jina la Wakili. Tangu alipoanza kusema alikuwa akibisha. Aliambiwa jua limetua, akauliza nani kashuhudia. Lakini mwaka ule Wakili alikuwa kama amejiuzulu. Akitoka shule alijilaza na sare yake. Alisinzia juu ya daftari, na mlima mdogo wa kwenda shule aliupanda kwa kusimama simama kama mtu mwenye mzigo. Mama yake alimkuta mara kwa mara akitafuna mchele mbichi kwenye ungo, akamkemea kwamba kama ana njaa asubiri uive kama watu wengine. Baba yake alishatoa hukumu. Alisema ni uvivu, tena wa upande wa mama.

Kila Alhamisi nesi wa zahanati alikwenda shuleni kuwafundisha wasichana. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa. Aliwaambia kwamba msichana anapoanza kuona siku zake hupoteza damu kila mwezi, na asipoirudisha kwa chakula damu hiyo hupungua kimya kimya, mpaka mtu anatamani kutafuna mchele mbichi, anaitwa mvivu kumbe ni mgonjwa. Aliwataka wale maharage na mboga za majani, na maini yakipatikana, wakamulie ndimu juu yake, na chai waiache ikae mbali na sahani kwa sababu huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Tena akawaambia jambo ambalo Wakili alilirudia nyumbani mpaka likachosha: kwamba mtoto aliyedumaa mara nyingi huanza kudumaa kabla hajazaliwa, kwa mama ambaye damu yake ilikuwa pungufu tangu usichanani.

Siku moja nesi alimshika Wakili kidevu, akamshusha ukope wa chini kwa kidole gumba, akatazama kama kuna wekundu wa damu. Hakuridhika na macho peke yake, akampima damu kwa kumchoma kidole. Ilikuwa chini sana. Alitaka aanze vidonge vya kuongeza damu mara moja, na wasichana wengine wapewe kimoja kila wiki hapo hapo shuleni. Kwa yote hayo alihitaji idhini ya wazazi, na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Wazazi walikuwa na yao. Mmoja alisikia kwamba vidonge vile vinafunga kizazi, mwingine kwamba vinanenepesha. Muuza nyama, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi kwa sababu hakuna aliyeweza kumzidi sauti, alisema anayetaka damu aje buchani. Nesi alivumilia, akavumilia, uvumilivu ukamwishia. Aliwaambia wapimwe watoto wote wa mtaa waliotimiza miaka miwili, mbele ya kila mtu, na wasichana wenyewe ndio wapime. Kama hawa watoto hawana udumavu, alisema, basi sitawasumbua tena na vidonge. Maneno hayo alikuja kuyajutia, lakini yalishatoka.

Zahanati ilikuwa na kipimo kimoja cha urefu, nacho kilipigiliwa ukutani. Ndipo nesi alipomwendea fundi amtengenezee kibao cha shule. Fundi aliona fahari. Alichagua ubao uliokauka vizuri, akaupiga randa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto, akaulaza juu ya meza na kuikunjua tepu yake pembeni yake. Nesi alitaka kibao cha watoto tu, kifike kifuani mwa mtu mzima. Fundi alisema ubao mrefu hivi kuukata ni dhambi, akapanda nao hadi juu ya kichwa cha mtu yeyote aliyemjua. Namba alizianzia sitini, maana hakuna wa miaka miwili aliye chini ya hapo, na aliziandika kwa rangi nyeusi, zimesimama wima kama askari. Mahali nesi alipomwambia, kwenye themanini na moja, akapiga mstari mwekundu. Mtoto wa miaka miwili ambaye kichwa chake hakifiki pale, nesi alieleza, anahitaji kuangaliwa.

Siku ya kupima uwanja wa shule ulijaa. Wasichana walikuwa wamejipanga kwa cheo: mmoja wa kuvua watoto viatu, mmoja wa kunyoosha magoti, Wakili wa kusoma namba. Watoto walilia kama wanaokatwa sikio. Mmoja aliuma mkono wa mpimaji, mwingine alilala chini akakataa kuwa na urefu wowote. Lakini mmoja mmoja walisimamishwa, na mmoja mmoja vichwa vyao vikavuka mstari mwekundu. Bwana Mkubwa alikuwa themanini na tatu. Ni wawili tu walioshindwa kuufikia, na mama zao walisema wale wamewafuata baba zao.

Nesi alikuna kichwa. Alipita nyuma ya kibao, akarudi mbele, akaupapasa mstari mwekundu kwa kidole.

Watoto walipokwisha, watu wazima nao wakaanza. Alianza muuza nyama, akajikuta ameongezeka, akaita watu waje wamwone. Baada yake ukawa msururu. Wanaume waliokuwa wamekubali maumbile yao tangu ujana walishuka kwenye kile kibao wakitembea kwa kifua. Fundi alisubiri mpaka wamepungua, akavua kofia, akaegemea. Alijua urefu wake: mia na hamsini na saba, aliopimwa alipokuwa kijana na kuubeba tangu siku hiyo kama deni. Wakili alisoma mia na sitini na mbili. Fundi alimwomba asome tena. Akasoma tena.

Mtu mwingine angejiuliza. Fundi hakujiuliza kitu. Alichofikiri ni kwamba waliompima ujanani ndio waliokosea, na kwamba hatimaye haki imetendeka, tena kwa mkono wake mwenyewe. Mia na sitini na mbili ndio urefu wa mkewe. Alitamani kumwita hapo hapo, lakini mkewe alikuwa akimvalisha Bwana Mkubwa viatu.

Muuza nyama alipanda kwenye kiti akatangaza kwamba mtaa umejionea, watoto ni warefu, wazazi ni warefu, na suala la vidonge limefungwa. Kisha akamuuliza fundi, kama mzazi wa msichana anayedaiwa kukosa madini ya chuma, ana neno gani. Fundi alikuwa bado yuko juu kwa zile sentimita zake. Alisema, "Kama ni chuma kinachotakiwa, kwangu misumari imejaa kopo zima. Binti yangu ajichotee." Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Wakili peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya darasa, mkono kifuani, akimtazama baba yake kama anayemtazama mpita njia.

Wiki iliyofuata binti mkubwa alimpeleka Bwana Mkubwa zahanati kwa kikohozi. Nesi, ambaye lile jambo lilikuwa bado limemkaa kooni, alimsimamisha kwenye kipimo cha ukutani. Habari ilifika nyumbani kupitia kwa Wakili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kwake kubisha.

"Baba, Bwana Mkubwa amepungua urefu. Zahanati amekuwa sabini na nane."

"Inayopungua ni nguo ikifuliwa," baba yake alijibu. "Mtoto hapungui."

"Ndiyo hivyo nami nasema. Basi kimoja kati ya vile vipimo viwili ni cha uongo."

Fundi alisema cha uongo ni kile cha zahanati, kilichopigiliwa na mtu asiyejua hata kushika nyundo. Wakili alimwambia kwamba nesi anaomba kibao kipelekwe kilinganishwe. Hapo fundi alikasirika kweli. Alisema miaka yote hiyo amefanya kazi hakuna aliyewahi kuipeleka kazi yake kwa daktari. Na kuhusu mtoto, hata angekuwa mfupi, kuna ajabu gani? Ukoo wao ni wafupi. Mama yake alikuwa mfupi, yeye mwenyewe, akajikwaa kidogo, yeye mwenyewe si mrefu sana.

Wakili aliuliza taratibu, bila ubishi wowote, "Bibi alikuwa akila nini, baba?"

Fundi alikumbuka utoto wake. Mama yake alipakua wa mwisho. Alikwangua sufuria akisema kwamba yeye ameshiba kwa kuonja onja. Njiani kwenda kuchota maji alikuwa akiketi juu ya jiwe, mkono kifuani, na fundi mdogo aliketi kando yake akiamini kwamba ndivyo wanawake wote wanavyopumzika. Alimwambia Wakili aende akalale, na yeye mwenyewe akalala mapema bila kumaliza chakula.

Kesho yake alikuwa na mlango wa kutengeneza. Aliulaza ubao, akaikunjua tepu, akaweka alama kwa penseli, na mdomo wake ukasema wenyewe, kama ulivyozoea, "Mia mbili na tano, toa tano." Akachukua msumeno akate. Halafu mkono ukasimama hewani.

Alijaribu kukumbuka siku ile ya kibao. Aliziona namba zake nyeusi, moja moja, zilivyonakiliwa kutoka kwenye tepu. Alikumbuka alivyokuwa akipiga mluzi. Na alikumbuka, kwa hakika iliyomshusha mpaka kwenye kiti, kwamba siku ile nzima hakusema toa tano hata mara moja. Alikuwa na shughuli ya kuzipendezesha namba, akasahau kuzipunguza. Karakana yake ilijua, wateja wake walijua, lakini kibao hakikuwa na mdomo wa kusema. Kilisimama pale shuleni kikiuvisha mtaa mzima kilemba cha ukoka.

Ni aibu kusema, lakini wazo la kwanza la fundi halikuwa juu ya watoto. Alijihurumia mwenyewe, kwamba amerudi kuwa mia na hamsini na saba. Wazo la pili lilikuwa aende shuleni Jumapili, hakuna mtu, arekebishe kibao kimya kimya, na wakati mwingine watu wakijipima walaumu uzee. Alikuwa ameshaanza kutafuta kipande cha ubao cha sentimita tano cha kuweka chini yake ndipo Wakili alipoingia na chakula chake cha mchana.

Shule ilikuwa karibu, hivyo mchana alirudi nyumbani, na mama yake alimtuma kama kawaida. Aliweka sahani juu ya meza ya kazi, akataka kuondoka, akashindwa. Aliketi juu ya rundo la mbao, mkono kifuani, akihema kama aliyekimbia, na jasho dogo limemtoka juu ya mdomo. Aliketi vile vile alivyokuwa akiketi bibi yake ambaye hakumwona hata siku moja.

Fundi alimsogelea akamshika kidevu. Kwa kidole gumba, chenye gundi kwenye ukucha, alimshusha ukope wa chini kama alivyosikia nesi alifanya. Ndani hapakuwa na wekundu wowote. Palikuwa peupe kama ubao uliotoka kwenye randa.

Alimpenda mtoto huyu kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na alimwogopea kwa mara ya kwanza. Alitaka kumwomba radhi, lakini baba wa aina yake hakujua maneno hayo huanzia wapi. Alimwambia, "Kula chakula changu." Wakili alisema si chake. "Nimesema kula. Ubishi utafanya ukishapona."

Jumamosi, kwa ombi la fundi, wazazi waliitwa tena. Muuza nyama alidhani fundi anataka kushukuriwa, akamwandalia kiti cha mbele. Fundi hakukikalia. Alisimama kando ya kibao chake na nyundo, misumari na kipande cha ubao, akaitoa tepu mfukoni akainyanyua juu watu waione ncha yake ilivyokatika.

"Mnaijua hii," alisema. "Mnajua nikisoma namba huwa nasema nini."

"Toa tano," waliitikia wengi, wakicheka kwa mazoea.

"Kwenye hiki kibao sikutoa."

Kicheko kiliendelea kidogo, kisha kikaanza kufa, kwanza mbele, halafu nyuma. Fundi hakuwangoja wamalize hesabu. Alikilaza kibao, akapigilia kile kipande chini yake, akakisimamisha tena. Kibao kilipanda, na mtaa mzima ukashuka. Aliomba aanze yeye mwenyewe. Alivua kofia, akaegemea, akamwita mkewe asome, kwa sababu kama ni kuvuliwa nguo basi na avuliwe na wake.

"Mia na hamsini na saba," mkewe alisoma. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, iliyosikika hata hivyo na wote, "Ndiye huyo niliyeolewa naye. Yule mwingine sikumjua."

Baadaye alikuja kumwambia kwamba naye alijipima siku ile, wakati fundi anapongezwa, akajikuta ameongezeka vile vile, hivyo fundi hakuwa amemfikia hata kidogo. Hakusema kwa sababu alimwona ana furaha, na hakujua kwamba watoto nao wamo ndani ya furaha hiyo.

Muuza nyama aliuliza, bila matumaini makubwa, kama na yeye ni hivyo hivyo. Fundi alimwambia atoe tano. Watu walicheka tena, na kicheko hicho kilisaidia, maana kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Watoto walipimwa upya, na wasichana wakasoma namba, na safari hii vichwa vilisimama chini ya mstari mwekundu kimoja baada ya kingine. Mama mmoja aliomba mwanawe apimwe tena, na alipopimwa tena akamfunika kwa kanga na kuondoka naye pembeni. Bwana Mkubwa alisimama wima kwa bidii zake zote, akinyoosha shingo, na ule mstari ukabaki juu ya nywele zake. Fundi alimtazama akashindwa kuangalia pembeni.

"Huyu ni mjukuu wangu," alisema. "Mama yake akiwa na mimba yake alikuwa anakaa kila baada ya hatua chache, nikasema ni deko la mimba. Na mama yangu alikuwa hivyo, nikasema ni ukoo. Na huyu binti yangu mdogo anayesoma namba yuko hivyo sasa hivi, na mimi hapa hapa nikamwambia ale misumari." Alimgeukia Wakili. "Mimi binti yangu ataanza vidonge leo. Wenye wenu mtaamua."

Hawakuamua wote siku ile. Yule wa kizazi aliendelea na kizazi chake mpaka nesi alipomweleza mara ya tatu. Lakini muuza nyama alinyoosha mkono wa kwanza kwa ajili ya mabinti zake, na kwa kuwa hakuna aliyemzidi sauti, mikono mingine ikamfuata.

Fundi alimuuliza nesi kando, kwa sauti ya kuomba, kama Bwana Mkubwa atafika kwenye mstari. Nesi hakumdanganya. Alisema alishwe vizuri, yai na maharage na samaki na matunda, atibiwe minyoo, atasogea. Ila mengine yalipita kabla hajazaliwa, na hayarudi. Kisha akaangalia upande wa wasichana waliokuwa wakikunja turubai. Alisema, "Ambao bado tunaweza kuwapima vizuri ni wale ambao hawajazaliwa. Mama zao ndio wale pale."

Nyumbani kwa fundi maisha yakawa magumu, hasa kwake mwenyewe, mpenzi wa chai. Yeye aliyekunywa chai kabla ya chakula, na chakula, na baada ya chakula, sasa aliisimamia birika kama mlinzi wa benki, na ilikuwa marufuku kuinua kifuniko mpaka sahani zimekauka. Alipanda mndimu uani. Alimwamuru mkewe na mabinti wapakue wao kwanza, amri ambayo mkewe aliipokea kwa kumuuliza kama ana homa. Binti mkubwa alikemewa asibakize mboga, Bwana Mkubwa akakimbizwa na kijiko cha maharage uwanja mzima. Wakili alikimeza kidonge kwa maji, akakunja uso, akasema kina ladha ya msumari. Baba yake alisema yeye ndiye aliyesema mwanzo, ila hakusikilizwa.

Mwanzoni hakukuwa na mabadiliko, na fundi aliuchungulia ukope wa binti yake kila asubuhi mpaka Wakili akamwambia macho yake si dirisha. Fundi alitulia kidogo, kwa kuwa hilo lilikuwa karibu na ubishi. Baadaye ungo wa mchele ulianza kurudi jikoni ukiwa mzima. Baadaye taa ya chumbani ikawa inazimwa na mtu aliyemaliza kusoma, na jioni moja mama yake alimwambia mvua itanyesha, Wakili akauliza nani kashuhudia. Mama yake aliweka mwiko chini, akatoka kwenda karakana kumwambia mumewe.

Muhula ulipokaribia kwisha wateja na marafiki walimletea fundi tepu mpya, zawadi, ikiwa na ncha yake. Muuza nyama ndiye aliyeikabidhi, kwa hotuba. Siku ya kwanza ya kuitumia fundi alikuwa akipima fremu ya dirisha la nyumbani kwake, na Wakili, aliyepanda ule mlima wa shule mbio bila kusimama na kurudi mbio kwa sababu alikuwa na jambo la kubishania, alimshikia upande wa pili.

"Tisini na sita," fundi alisoma, na mdomo wake ukaendelea wenyewe, "toa tano."

"Usitoe kitu, baba," Wakili alisema. "Sasa imetimia."

Fundi aliinua macho kutoka kwenye tepu. Msichana alikuwa amesimama kwenye mwanga wa dirisha, amekunja uso, tayari kwa ubishi, na midomo yake ilikuwa na rangi. Fundi alijifanya unga wa mbao umemwingia machoni. Wakili alimwambia leo hakuna ubao uliokatwa, kwa hiyo unga huo umetoka wapi.